Wino wa Chuma Hutaka Kifuniko Kizuri

Hadi mwanzoni mwa Mei 2021, maharusi waliofunga ndoa England na Wales waliandikishwa kwenye daftari la ndoa kwa wino maalumu wa wasajili. Wino huo ulitoka kwenye kalamu ukiwa bluu iliyofifia, kisha ukakolea mpaka ukawa mweusi, na maji hayakuufuta. Tarehe 4 mwezi huo usajili ulihamia kwenye mfumo wa kompyuta. Wino wenyewe haukufa. Bado unauzwa katika chupa ndogo, na wapo wanaoutaka kwa shajara, kwa hundi na kwa daftari za maabara. Hofu yao ni moja: je, hautaharibu kalamu?

Unaweza kuiharibu, ndiyo maana ni busara kuutia kwenye kalamu ya kujaza wino ya bei nafuu. Ila wanunuzi wengi hukagua nibu, wakaridhika, wakalipa. Sehemu ya kukaguliwa kwanza ni kifuniko.

Ili kuona kwa nini, inabidi kuanzia mtini. Nyigu mdogo hutaga yai kwenye chipukizi la mwaloni, na mti huota kinundu kigumu kilichojaa tanini. Vinundu hivyo husagwa na kulowekwa, halafu maji yake huchanganywa na salfeti ya chuma, ile chumvi ya rangi ya kijani. Mchanganyiko mpya huyeyuka vizuri majini lakini umepauka mno kusomeka. Ukifika kwenye karatasi na kupigwa na hewa, oksijeni hukibadili kile chuma, na chembe nyeusi zisizoyeyuka hujijenga ndani ya nyuzi za karatasi. Rangi ya bluu huongezwa ili mwandishi aone anachoandika kabla weusi haujaja. Henry Stephens, daktari wa London aliyewahi kupanga nyumba moja na mshairi John Keats walipokuwa wanafunzi wa udaktari, alianza biashara yake ya wino wa bluu-nyeusi mwaka 1832.

Tanini zenyewe si sawa zote. Ile ya magome ya miwati, inayojulikana sana Njombe kwa kazi ya kutengeneza ngozi, ikikutana na chuma huelekea weusi wa kijani. Ya vinundu vya mwaloni huelekea bluu, na hiyo ndiyo iliyopendwa na makarani.

Chembe nyeusi zisije zikajitokeza mapema ndani ya chupa, wino huu hutiwa asidi. Asidi hiyo, pamoja na chuma chenyewe, ndiyo iliyotoboa kurasa za miswada ya Johann Sebastian Bach iliyohifadhiwa Berlin, hata wataalamu wakalazimika kuifanyia ukarabati mkubwa. Wino wa kisasa wa kalamu ni laini zaidi kuliko ule wa karne ya 18, lakini bado ni wa asidi, na vitu vya chuma huuhisi. Nibu za kuchovya za zamani ziliota kutu zikatupwa. Nibu za dhahabu ya karati 14 hazikuujali, na hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za dhahabu kutumika kwenye kalamu nzuri.

Leo nibu ya bei nafuu hutengenezwa kwa chuma cha pua kisichoshika kutu, nayo huvumilia vizuri wino kama Salix wa Rohrer & Klingner ya Ujerumani, au ule wa bluu-nyeusi wa kampuni ya Platinum ya Japani. Panapoumia haraka ni pale ambapo mnunuzi hapaangalii: shingo ya chuma iliyopakwa kromiamu, pete ya mapambo, utando wa dhahabu juu ya nibu. Utando ukipata tundu dogo tu, asidi hupenya chini yake. Shingo ya plastiki haina cha kuliwa, na tena ni nyepesi. Anayeandika kurasa nyingi kwa siku atashukuru, maana kalamu ya aina hii haitaki kukandamizwa kama Bic. Uzito wake wenyewe unatosha kuitelezesha.

Sasa kifuniko. Chini ya nibu kuna ulimi wa plastiki wenye mifereji myembamba, wino ukishuka na hewa ikipanda kuchukua nafasi yake. Kalamu ikiachwa wiki kadhaa na kifuniko kinachopitisha hewa, maji hutoka na oksijeni huingia. Wino wa kawaida uliokauka humo huyeyuka tena ukiloweshwa. Wa chuma haufanyi hivyo: kile kilichotakiwa kutokea kwenye karatasi kimeshatokea ndani ya mfereji. Nibu haina kutu hata chembe, lakini kalamu haiandiki.

Kwa kipimo hicho, Platinum Preppy ni chaguo gumu kushindwa. Ndani ya kifuniko chake kuna kikombe kidogo cha plastiki kilichokalia springi. Kalamu ikifungwa, springi hukisukuma hadi kikaibana shingo pande zote. Mtengenezaji anadai kwamba wino hautakauka hata kalamu ikikaa mwaka mzima bila kuguswa. Kalamu nzima ina uzito wa gramu 13 hivi, na mwili wake angavu humwonyesha mwenye nayo wino uliobaki. Afadhali kuchukua nibu ya milimita 0.5 kuliko zile nyembamba zaidi, kwa sababu wino wa chuma hushuka kwa ubahili. Ubahili huohuo una faida yake: kwenye karatasi hafifu ya daftari la shule, mwandiko hautawanyiki wala hautokezi sana upande wa pili.

Kasoro zipo. Plastiki ngumu ya namna hiyo ikikazwa kwa nguvu hupasuka kwenye nyuzi za skrubu. Na kile kibomba cha kunyonyea wino kutoka kwenye chupa huuzwa peke yake, mara nyingi kwa bei inayokaribia ya kalamu yenyewe au kuipita. Wajanja huosha katriji iliyokwisha na kuijaza kwa bomba la sindano.

Atakayenunua kalamu nyingine na aipime hivi: aijaze wino wa kawaida, aifunge, aisimamishe nibu ikiwa juu kwa wiki moja, kisha aandike. Ikianza kwa mstari wa kwanza, kifuniko kinafaa. Ikihitaji kutikiswa, itumike kwa wino mwingine.

Usafi nao una kanuni zake, na nyingine zinawashangaza watu. Ni vizuri kuisukutua kalamu kwa maji baridi kila katriji inapokwisha, na kutochanganya wino wa chuma na wino mwingine wowote. Sabuni kali na dawa zenye amonia zisiwe za kwanza, kwani zinaua asidi iliyokuwa ikikizuia chuma kuganda. Mifereji ikishaziba, maji yenye vitamini C kidogo husaidia: vitamini hiyo hukirudisha chuma kwenye hali yake ya kuyeyuka, na utando mweusi huachia. Baada ya hapo kalamu isukutuliwe tena kwa maji matupu.

Mwenye kuandika kila siku na aliye tayari kuongeza fedha anaweza kutazama Lamy Safari, iliyoingia sokoni mwaka 1980. Ina gramu 17 hivi, shingo ni ya plastiki, na nibu yake huchomolewa kwa kipande cha utepe wa gundi na kubadilishwa bila kununua kalamu nyingine. Lakini chupa iliyoandikwa kuwa ni ya kalamu za kuchovya isitiwe humo wala kwenye Preppy. Wino huo huwa na gundi ya mgunga na mashapo, na ulimi wa plastiki hauna njia ya kuvipitisha.