Makaburi Chini ya Ngano

Ukitoka Katesh kwa barabara ya Basotu, mlima Hanang unabaki mgongoni na nchi inafunguka kuwa tambarare ya ngano. Masika yote ni kijani, na kiangazi kikiingia mashuke yanachukua rangi ya manyoya ya simba. Mgeni husimamisha gari akapiga picha. Mwenyeji hapigi picha, kwa maana anajua kilichomo chini.

Chini kuna makaburi. Na si ya watu wa kale waliosahaulika, bali ya wazee ambao wajukuu zao wapo, wanachunga na kulima, na wanawataja kwa majina. Kwa Wabarabaig, tawi la Wadatoga waliojaa Hanang, mzee wa heshima hazikwi leo kesho watu wakatawanyika. Hujengewa bung'eda, yaani kichuguu cha udongo kinachoinuliwa kidogo kidogo, koo zikija na ng'ombe wao na pombe ya asali, na shughuli nzima huchukua miezi tisa, sawa na mimba. Ikiisha, mahali pale si kaburi tu. Ni mahali pa kusali. Mtoto wa marehemu akipatwa na jambo hurudi pale, kwa sababu kwa imani yao baba aliyezikwa hivyo hajanyamaza.

Kuanzia miaka ya 1970 serikali yetu, kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano chini ya shirika la NAFCO: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Kwa jumla yalifika ekari laki moja hivi. Wafugaji wakatolewa kwenye malisho yao bora, na matrekta yakapita juu ya bung'eda. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikawapa haki, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Miongoni mwa sababu zake, walalamikaji walionekana hawakuthibitisha kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Mbarabaig, Hanang, ameshindwa kuthibitisha kuwa mwenyeji! Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na bado inanikaba.

Naanza na makaburi haya kwa sababu kwa wiki kadhaa nimekuwa nikisoma habari za dini ya mbali kabisa na Hanang, nikajikuta kila jioni narudi Basotu kwa mawazo. Dini hiyo ni Scientology, ya Marekani. Wengi hapa wameisikia kwa sababu ya Tom Cruise, basi. Mwanzilishi wake, L. Ron Hubbard, alizaliwa Nebraska mwaka 1911 na kujipatia riziki kwa kuandika hadithi za magazetini, zikiwemo za safari za angani. Mwaka 1950 alitoa kitabu, Dianetics, alichosema kinafundisha namna ya kuiponya akili. Kiliuzwa kwa wingi. Miaka michache baadaye tiba ikawa dini, na mwaka 1954 kanisa likasimama Los Angeles.

Imani yenyewe, ukiiondolea maneno yake ya ndani, haina ugumu. Mtu si mwili wala si akili. Ni roho isiyokufa, wao wanaiita thetani, ambayo imeishi maisha mengi kabla ya haya. Kila jeraha na kila hofu ya zamani imeacha alama ndani ya akili, nayo ndiyo inayomfanya mtu aogope, akasirike, augue bila kujua kwa nini. Alama hizo zinaitwa engramu. Kazi ya dini ni kuzitafuta na kuzifuta moja moja.

Na namna ya kuzitafuta ni hii. Watu wawili wanakaa mezani. Mmoja anashika mkebe mtupu wa bati katika kila mkono. Zamani ilikuwa ni mikebe ya supu hasa. Kutoka kwenye mikebe zinatoka nyaya mbili mpaka kwenye kifaa chenye saa na mshale, kinachoitwa E-meter, nacho kinapitisha umeme mdogo sana mwilini. Mwenzake anauliza, na macho yake yako kwenye mshale. Mshale ukiruka, anasimama hapo hapo: ulikuwa unafikiria nini sasa hivi? Anarudia swali, mara kumi, mara ishirini, hadi mshale uyumbe taratibu bila kuruka. Na majibu yanaandikwa na kuwekwa kwenye jalada. Mwaka 1963 maofisa wa serikali ya Marekani waliingia katika jengo la kanisa hilo jijini Washington wakavichukua vifaa hivyo kwa madai kwamba vinauzwa kama vifaa vya tiba. Kesi iliisha kwa mahakama kuamuru kifaa kiandikwe wazi kwamba hakipimi wala hakitibu ugonjwa.

Mtu hupanda ngazi, na ngazi zinalipiwa. Kadiri unavyopanda ndivyo bei inavyopanda, mpaka maelfu kwa maelfu ya dola. Huko juu ndiko ulikofichwa mkasa ambao muumini wa chini haruhusiwi kuuona: kwamba miaka milioni 75 iliyopita mtawala wa sayari nyingi, Xenu, aliwaleta viumbe wengi duniani, akawapanga kando ya milima ya volkano na kuwalipua kwa mabomu, na roho zao zimenasa kwenye miili yetu hadi leo. Mkasa huo ulitoka hadharani mwaka 1985 kwa njia ya kesi iliyokuwa ikisikilizwa Los Angeles.

Nilimsimulia shangazi yangu wa Dongobesh, ambaye ni mama wa kanisa, haikosi Jumapili hata moja. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alikuwa anapepeta maharage, akaendelea kupepeta.

"Sasa wewe unashangaa nini?" akasema. "Bibi yako alikuwa hapiti kwenye chemchemi ile ya chini mchana wa jua kali. Alisema mwenyewe yupo."

Mwenyewe aliyemsema bibi ni Netlaangw, roho wa majini na ardhini katika imani ya Wairaqw, mkali, wa kuogopwa. Juu yupo Lo'a, Mungu mwenye huruma, ambaye Kiiraqw kinamtaja kwa jinsia ya kike na jina lake ni lile lile la jua. Nikamkubalia shangazi. Mlima wetu nao ni volkano, na mtu wa Nebraska akisikia kwamba chemchemi ina mwenyewe atashangaa kama mimi nilivyoshangaa kwa Xenu. Imani ya mwenzio siku zote inaonekana ya ajabu kwa sababu unaiangalia ukiwa nje ya nyumba.

Akamaliza ungo mmoja, akauliza: "Na mtu akitaka kutoka, anatoka?"

Hilo ndilo swali, na ndipo ugomvi wote wa Scientology ulipo. Wengi waliotoka wanasimulia jambo moja: ukitoka na kulisema kanisa vibaya, ndugu zako waliobaki ndani wanakukata. Mama hapokei simu ya mwanawe. Kanisa linajibu kwamba kila muumini huamua mwenyewe aongee na nani, na kwamba wanaolisema ni watu wenye chuki. Lakini simulizi ni nyingi mno, na kutoka kwa watu wasiojuana, kwangu mimi kuzitupa. Kipo pia kikosi cha watumishi wa ndani kinachoitwa Sea Org, ambacho mtu hujiunga nacho kwa kutia sahihi mkataba wa miaka bilioni moja. Roho haifi, basi na ajira yake haiishi. Katika miaka ya 1970 watu wa kanisa hilo waliingia kwa siri katika ofisi za serikali ya Marekani na kuiba nyaraka, na viongozi kadhaa, akiwemo mke wa Hubbard, wakatiwa hatiani mwaka 1979. Nchini Ufaransa mahakama ililitia kanisa hatiani mwaka 2009 kwa kosa la udanganyifu wa kujipatia fedha. Ujerumani imelitazama kwa jicho la usalama wa taifa tangu miaka ya 1990.

Hata hivyo, Oktoba 1993, baada ya mashitaka yasiyohesabika kati ya pande mbili, mamlaka ya kodi ya Marekani ilikubali: ni dini, halitozwi kodi. Aliyetoa kauli ya mwisho kuhusu dini alikuwa ofisa wa kodi.

Hapo ndipo ninaporudi Basotu. Scientology ilipata hati kwa sababu ilikuwa na mawakili, majengo, vitabu, muhuri na fedha za kupigana zaidi ya miaka 25. Kwetu, anayetaka kuandikisha dini huenda kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, akiwa na katiba, majina ya viongozi na anwani. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda imani ya kila mtu. Lakini bung'eda haina katiba wala mwenyekiti. Haina sanduku la posta. Trekta lilipofika, hapakuwa na karatasi ya kuliambia kwamba hapa ni madhabahu. Kanisa la bati likiwa njiani kwenye mradi, watu hukaa kikao na fidia hutajwa. Kichuguu cha udongo kilionekana kichuguu cha udongo.

Na hata hivyo sitaki kusema kwamba mila ni safi na kilichotoka nje ndicho kibaya. Wairaqw wanayo meeta, uchafu wa kimila unaompata mtu kwa mambo kama kufiwa. Zamani aliyepatwa alijitenga: hakuingia nyumba za watu, hakuchangia chombo. Hali hiyo inaitwa metimani. Kwa mfiwa ilikuwa na mwisho. Siku ilifika akatakaswa, akarudi kwa watu, na wapo wanaokumbuka utengano ule kama pumziko. Lakini msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa alifukuzwa kwao akaenda kujifungulia kwa wageni, kwa madai kwamba damu yake italeta maafa. Mama alimwona mwanawe akiondoka na hakumfuata. Huyo mama na yule wa Marekani asiyepokea simu wameketi benchi moja, na siwezi kumlaumu mmoja nikamwacha mwingine.

Upo pia udhaifu wetu mwingine, ambao wataalamu wa mila waliokaa Mbulu wameuandika na sisi wenyewe tunaujua: tunamwamini mganga wa mbali kuliko wa jirani. Mwiraqw aliyezidiwa huvuka mpaka kwenda kwa Mdatoga. Dawa ya mgeni ina nguvu. Basi mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alipokuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, Loliondo, magari yalipita Babati na Karatu usiku na mchana. Shilingi 500 si maelfu ya dola, na mzee yule hakumfungia mtu mlango. Ulikunywa, ukaenda zako. Ila wapo waliokufa kwenye foleni, na wapo walioacha dawa za UKIMWI kwa kuamini wamepona.

Na majirani wameona makubwa zaidi. Machi 2000, Kanungu nchini Uganda, mamia ya wafuasi wa Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliangamia, wengi wakiwa ndani ya jengo la ibada lililochomwa moto madirisha yamepigiliwa misumari. Mwaka 2023, msitu wa Shakahola, Kilifi nchini Kenya, ulifukuliwa ikapatikana miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi wafe ili wakamwone Yesu. Kundi la Kibwetere lilikuwa limesajiliwa. Hati walikuwa nayo.

Kwa hiyo mimi simwogopi anayeamini katika Xenu, wala anayekwepa chemchemi mchana. Ningependa Msajili, kabla ya kuuliza katiba iko wapi, aulize alivyouliza shangazi. Anayetoka anatoka? Mtoto anakwenda hospitali? Anayeishiwa fedha bado anapewa salamu? Wazee wa bung'eda wangejibu maswali hayo bila wakili.

Hubbard mwenyewe alifika upande huu wa dunia. Mwaka 1966 alikaa miezi michache Rhodesia, akitafuta nchi ya kuweka makao, na waandishi wa maisha yake wanasema aliamini kwamba katika uhai uliopita alikuwa Cecil Rhodes, ambaye nchi hiyo iliitwa kwa jina lake. Hakuongezewa kibali, akaondoka. Mtu aweza kudai ardhi kwa kukumbuka maisha yaliyopita. Mzee niliyemkuta nje ya Basotu alikuwa anakumbuka maisha haya haya.

Alinipeleka hadi ukingo wa shamba. Hakuna kichuguu, hakuna mti. Ngano tupu, imefika kiunoni. Akageuka akautazama mlima Hanang, akasogea kushoto hatua tatu ili kilele kikae sawa na paa moja la bati lililoonekana mbali, halafu akaingia katikati ya mashuke akihesabu kwa Kidatoga. Nilimfuata kimya. Alisimama ghafla, akavua kofia.

"Miguu ya baba iko huku," akasema, na kunionyesha kwa fimbo nisogee nisije nikaikanyaga.