Katambuga, mtumba au kiatu cha milioni?

Mkimbiaji wa Mbulu au Hanang anayetafuta kiatu ana njia tatu: katambuga za tairi, raba ya mtumba ya mnadani, au kiatu kipya cha kuagiza. Kabla ya bei, ajiulize anatua kwa sehemu gani ya wayo.

Raba yenye kisigino kinene humruhusu mtu kutua kwa kisigino bila kuumia. Ukiwa pekupeku, kisigino kikigonga changarawe utafupisha hatua mwenyewe na kutua kwa mbele. Mwaka 2010 mtafiti Daniel Lieberman na wenzake waliliona hilo kwa Wakenya waliokulia bila viatu. Lakini Wahadza, majirani zetu wa ukanda wa Ziwa Eyasi, walitibua hesabu: utafiti wa 2014 ulikuta wanaume wengi wakitua kwa katikati ya wayo, wanawake na watoto kwa kisigino. Kwa hiyo muuzaji anayekuahidi kiatu cha kurekebisha mbio anakuuzia maneno. Mwendo, mazoea na ardhi vina nguvu pia. Akipanda mlima, hata mwenye soli nene mara nyingi hutua kwa mbele.

Katambuga ndizo rahisi na miiba haizitishi, ila ni nzito na kishindo chote kinapanda mguuni. Ukihama ghafla kutoka raba nene, vigimbi na kano ya kisigino vitakulipisha. Anza na mbio fupi.

Mimi pesa yangu ningeipeleka kwenye mtumba, kwa masharti. Achana na nembo ya ubavuni. Kiweke kiatu mezani, ukitazame kwa nyuma: kikilalia upande mmoja, kimeshashika mguu wa mwenyewe wa kwanza. Bonyeza sponji ya soli kwa kidole gumba. Kama hairudi, au ina mikunjo mingi, imekufa. Raba ya mazoezi hukadiriwa kilomita 500 hadi 800, na baadhi ya kilomita hizo zimeshakimbiwa Ulaya. Punguziwa bei kwa hilo.

Na kiatu kipya cha kuagiza? Adidas Adizero Adios Pro Evo 1 ilitoka 2023 kwa dola 500, zaidi ya shilingi milioni moja, na imekusudiwa marathoni moja tu! Kwa mtu kama Gabriel Geay wa Manyara, mshindi wa pili Boston 2023, kiatu cha mashindano ni zana ya kazi. Mwanafunzi wa sekondari Katesh anunue mitumba pea mbili, azivae kwa zamu wakati wa masika, moja ikikauka.