Feni belti inaisha mapema? Tafuta kinachoila

Msikilizaji, feni belti nzuri iliyofungwa sawasawa huweza kutembea zaidi ya kilomita 80,000. Kama ya gari lako haimalizi hata miezi michache, usikimbilie tu kununua nyingine. Kuna kitu kinaila, na kitaila hata hiyo mpya.

Belti hii huzungusha alternata inayochaji betri. Katika magari mengi huzungusha pia pampu ya maji, pampu ya stelingi na kompresa ya AC. Ikikatika njiani, taa ya betri inawaka, usukani unakuwa mzito na injini inachemsha. Ukilazimisha kwenda, gasketi ya silinda hedi inaweza kuungua. Fikiria hilo likitokea usiku, gari limebeba mjamzito kumpeleka hospitali.

Zima injini, toa ufunguo, acha ipoe. Kisha mulika belti kwa tochi ya simu uangalie:

- Ukingo mmoja umelika au unatoa nyuzi: puli hazijakaa kwenye mstari mmoja. Pengine alternata ilifunguliwa ikarudishwa vibaya, au kuna beringi iliyokufa.
- Upande wa ndani unang'aa kama kioo: belti inateleza. Imelegea, au kikaza belti, yaani tenshena, kimechoka.
- Imelowa mafuta na kulainika: kuna sili au paipu inayovuja juu yake. Ziba mvujo kwanza.
- Mifereji ina matundu au imemeguka: changarawe na matope yanaingia. Tazama kama kinga ya chini ya injini bado ipo.
- Nyufa nyingi kila mahali: joto na uzee. Hapo belti imemaliza kazi yake, ibadilishe.

Kama belti inalia, kuna kipimo cha maji. Toboa kifuniko cha chupa, washa injini, simama pembeni na unyunyize maji kidogo upande wa ndani wa belti. Kelele ikikoma kisha ikarudi, shuku puli zilizopinda au kukaa vibaya. Ikizidi, shuku belti iliyolegea. Mikono, kanga na nguo zinazoning'inia ziwe mbali kabisa.

Wapo wanaopaka sabuni ili belti inyamaze. Inanyamaza kwa muda tu, ugonjwa unabaki palepale.

Ukifika kwa fundi, mwombe avue belti na azungushe kila puli kwa mkono. Puli nzima huzunguka kimya bila kucheza. Inayokwaruza, kukwama au kuyumba ndiyo adui yako.

Mwisho, soma namba iliyoandikwa mgongoni mwa belti. Mfano 6PK1200: 6 ni idadi ya mistari ya ndani, 1200 ni urefu kwa milimita. Ukiuziwa ndefu kuliko inayotakiwa itateleza. Ukilazimishiwa fupi itachosha beringi. Nenda dukani na belti ya zamani mkononi, ila hakikisha nayo ilikuwa saizi sahihi ya gari lako.

Kwa hiyo gereji usiseme tu, "Fundi, nibadilishie belti." Sema, "Fundi, nitazamie kwa nini hii imeisha mapema."