Jino la mtoto linaanza kuumbwa mbele azaliwe



Meno mawili ya kwanza ya mtoto wa dada yangu yalitoka tayari na alama za kahawia na vishimo vidogo. Alikuwa na miezi nane, hajaonja hata bonboni moja. Lakini mu kartie maneno yalishaanza: "Mama yake njo anamuharibia meno na sukari." Dada alilia siku hiyo. Mimi ni mtu wa agronomi, si munganga wa meno. Nilimusindikiza ku kituo cha afya, na maelezo yenye tulipewa yalinirudisha moja kwa moja ku masomo ya mimea.

Ganda nyeupe ya juu ya jino linaitwa enameli. Njo kitu kigumu kushinda vyote mu mwili, juu karibu 96 kwa 100 yake ni madini. Linajengwa na chembe ndogo zenye kufanya kazi mara moja tu. Zikimaliza, zinakufa, na hakuna zingine zenye kuja kutengeneza. Mfupa ukivunjika unaunga, enameli hapana.

Sasa, kazi hiyo inafanyika wakati gani? Meno ya mbele ya utoto yanaanza kupata madini ku mwezi wa nne wa mimba. Magego ya utoto yanamaliza karibu mwaka mmoja kisha kuzaliwa. Gego kubwa la kwanza, lenye kutoka ku miaka sita, linaanza karibu na siku ya kuzaliwa na kumaliza ku miaka mitatu hivi. Kwa hiyo jino lenye kutoka leo linaonyesha mambo ya zamani.

Wenye kulima nyanya watanielewa. Nyanya ikikosa kalisiamu wakati tunda linaumbwa, inaoza ku kitako. Unaweza kuongeza mbolea kisha, lakini tunda lile halirudie kuwa zima. Unaokoa tu yenye kufuata. Na mara mingi kalisiamu ilikuwa mu udongo: ni maji njo yalikatika, haikufika. Kwa mtoto pia, si kila mara mama alikosa chakula. Homa kali, malaria, ao kuzaliwa mbele ya wakati vinaweza kukatisha kazi ya zile chembe. Mtoto wa dada alizaliwa ku miezi saba, na kilo moja na nusu. Munganga alituambia hiyo njo sababu yenye kuelekea zaidi.

Kuko sababu zingine. Ukosefu wa vitamini D kwa mama mwenye mimba. Kaswende, yenye wengi wanaita sifilisi, ikipita kwa mtoto, inaharibu umbo la meno ya ukubwa. Dawa ya tetrasikilini, ile tunaita tetra na kununua bila karatasi ya munganga, inatia meno rangi ya manjano ao kijivu milele kama mama ameikunywa kisha mwezi wa nne wa mimba, ao mtoto akiwa chini ya miaka nane.

Kwetu Goma na Sake kuko jambo lingine. Moshi wa Nyiragongo unabeba fluori, mvua inaishusha, na sisi tunakinga ile mvua mu tanki. Fluori kidogo inalinda meno, lakini OMS imeweka mpaka wa miligrama 1.5 kwa litre. Ikizidi kwa miaka mingi wakati meno yanaumbwa, yanatoka na mistari nyeupe ao kahawia. Kuchemsha maji haiitoshe. Lakini maziwa ya mama yana fluori kidogo sana, hata kama mama mwenyewe anakunywa yale maji. Kumunyonyesha mtoto maziwa tu kwa miezi sita ni kinga yenye hatununue.

Basi tufanye nini? Mwenye mimba aende CPN mapema, apimwe kaswende, akunywe dawa ya kukinga malaria, alale mu musikitere. Sambaza zenye kuliwa na mifupa zinaleta kalisiamu. Mtoto apate chanjo ya surua, na jino la kwanza likitoka lipigwe mswaki na dawa ya meno sawa mbegu moja ya muchele. Jino lenye enameli dhaifu linatoboka haraka. Hapo njo sukari inakuja kumalizia.

Na tafazali, tuache kukata ufizi wa mtoto mwenye homa na kuhara eti ana "meno mabaya". Kile wanachotoa na wembe ni mbegu ya jino la kawaida. Wanaharibu mpaka jino la ukubwa lenye kuwa chini yake, na watoto wengine wamekufa juu ya damu ao maambukizi.

Ile alama ya mtoto wetu haitatoka, lakini meno yake ya ukubwa yangali yanajengwa sasa hivi, na hayo njo tunayachunga. Siku utaona mtoto mwenye meno ya kahawia, mbele ya kuuliza mama yake amemupa nini, uliza kwanza mimba yake ilipita namna gani. Dada yangu alingojea mtu wa kumuuliza hivyo.