Annie Moore wa Cork: Ya Kweli na ya Uongo

Annie ndiye mhamiaji wa kwanza kupokelewa Ellis Island. Kweli. Tarehe 1 Januari 1892 aliteremka hapo New York na wadogo zake, Anthony na Philip, waliopanda naye meli ya Nevada huko Queenstown, kaunti ya Cork, Ireland. Akazawadiwa sarafu ya dhahabu ya dola 10. Magazeti yalimpa miaka 15. Alikuwa na 17.

Alihamia Texas, akagongwa na tramu, akafa mwaka 1923. Uongo, na ulisadikiwa miaka mingi. Huyo wa Texas alikuwapo, na jina ni hilohilo, ila nyaraka zake zinasema alizaliwa Illinois, Marekani kwenyewe. Mtafiti wa koo Megan Smolenyak ndiye aliyegundua, na mwaka 2006 akampata Annie mwenyewe kwa kupitia kwa mdogo wake: hati ya uraia ya Philip ilipatikana, na sensa ya 1930 ikamwonyesha akiwa na binti aitwaye Anna. Kumbe Annie hakuhama New York. Aliolewa na Joseph Schayer, mwenye asili ya Kijerumani, akazaa watoto wasiopungua 10, kadhaa wakafa wachanga, naye akafariki 1924. Inaniuma kwamba hadi 2008 kaburi lake huko Calvary, Queens, halikuwa na jiwe lenye jina, ilhali sanamu zake zilishasimama Ireland na Marekani.

Wanaotafuta koo za Ireland kama ya Annie husikia na mengine. Mwanamke akishaolewa, ukoo wake haufuatiliki. Si kweli. Mapadri wa Kikatoliki wa Ireland, walipombatiza mtoto, kwa kawaida waliandika jina la ukoo alikozaliwa mama, pamoja na wasimamizi wa ubatizo, mara nyingi ndugu. Vyeti vya kuzaliwa vya serikali, tangu 1864, navyo vinalitaja.

Moto wa 1922 katika ofisi ya kumbukumbu ya Dublin ulimaliza rekodi zote za Ireland. Kuna ukweli kidogo. Sensa za 1821 hadi 1851 ziliungua karibu zote. Lakini za 1881 na 1891 ziliharibiwa na serikali yenyewe wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na za 1901 na 1911 zinasomwa bure kwenye intaneti. Vitabu vingi vya parokia za Kikatoliki vilikuwa vimebaki parokiani.

Maofisa wa Ellis Island walibadilisha majina ya watu. Uongo. Orodha ya abiria iliandikwa na makarani wa kampuni ya meli kabla ya safari; ofisa aliulizia yaliyoandikwa tayari. Tahajia ikitofautiana, wachunguze makarani hao, au familia yenyewe katika miaka iliyofuata.