Injini ya Zamani: Itupwe au Itengenezwe?

Katika mtaa wa Manika, mjini Kolwezi, tulimkuta baba mmoja ameketi kando ya motakaa yake, kofia mkononi, kama mtu akaaye penye msiba. Toyota ile imekwisha kutembea kilometa 380,000. Ndiyo inayolipa karo ya watoto wake wanne, kwa kuchukua abiria hata Likasi, mwendo wa karibu kilometa 180. Sasa ilikuwa imechemka njiani na kupungukiwa nguvu, naye fundi wa kwanza alisema neno moja tu: “Baba, nunua injini nyingine.”

Je, alishauriwa vema? Tusiamue haraka.

Yatupasa tumjue kwanza adui wa injini katika nchi hii. Tangu Mei hata Septemba mvua ni haba sana Lualaba, na malori ya machimbo ya shaba yatimua vumbi mchana na usiku. Vumbi likipenya chujio bovu la hewa, husaga kuta za silinda na ringi za pistoni kama msasa. Ndipo injini hula oili na kutoa moshi wa buluu. Moshi mweupe usiokoma, na maji kupungua katika rejeta, ni habari nyingine: mara nyingi gasketi ya kichwa cha injini imeungua.

Fundi wa pili, mzee mwenye subira, alileta kipimo cha mgandamizo, akakifunga mahali pa plagi, silinda moja baada ya moja. Injini nzima ya petroli kwa kawaida huonyesha bar 10 hata 13, na silinda zote hukaribiana. Hapa tatu zilifika 11. Ya nne ilionyesha 4. Mzee akamimina kijiko cha oili ndani yake, akapima tena. Kama kipimo kingalipanda, hatia ingalikuwa ya ringi. Hakikupanda. Basi kosa lilikuwa juu, kwenye valvu au gasketi. Kichwa kilipofunguliwa, gasketi ilionekana imeungua. Nayo rejeta ilikuwa imezibwa na kutu. Injini ngeni ingalifungwa kwenye rejeta ile ile, nayo ingalichemka vilevile!

Hatusemi kwamba kubadili injini ni upumbavu. Silinda zote zikiwa dhaifu, na bodi na giaboksi vingali imara, huenda kubadili kukawa nafuu kuliko kuchonga silinda upya. Injini kuukuu nyingi hutoka Japani, ambako sheria yataka motakaa ikaguliwe baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na wengi huziacha mapema kwa kukwepa gharama. Lakini kipimo cha kilometa hubaki katika motakaa ya kwanza. Injini huja bila shahidi. Mnunuzi na adai ipimwe mgandamizo mbele ya macho yake, tena atazame chini ya kifuniko cha oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. (Ajabu iliyoje: kobalti ya Kolwezi yaendesha motakaa za umeme ng'ambo, nasi hapa twahesabu pistoni.)

Mzee alihakikisha kichwa hakikupinda, akafunga gasketi mpya, rejeta nyingine na chujio safi. Baba yule alimrudishia mkewe fedha iliyosalia. Ameagizwa kurudi baada ya kilometa 1,000, silinda ya nne ipimwe tena.