Mali Bila Daftari

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Wakamba wa Kitui waliijua biashara kabla ya skuli. Karne ya 19 misafara yao ilishusha pembe za ndovu hadi Mombasa, na Kivoi, tajiri wao, ndiye aliyempokea Krapf mwaka 1849.

Na vijana wa leo je? Makueni maembe huiva kwa pamoja, bei ikaanguka, mlanguzi akachuma. Kiwanda cha Kalamba kilifunguliwa 2017 kusindika rojo ya maembe. Kitui nako, kiwanda cha nguo cha kaunti kilishona barakoa mwaka 2020. Humo mna kazi za mhasibu, fundi mitambo, mtafuta soko. Lakini mwanafunzi azijuazo ni mbili tu: udaktari na uwakili.

Tangu Januari 2026, aingiaye sekondari ya juu huchagua njia moja kati ya tatu, na biashara imo katika sayansi za jamii. Atachaguaje asichokiona? Walimu na wampeleke Kalamba, ahesabu gharama ya embe kutoka mtini hadi pipani.

Nasi wa Pwani tusicheke. Nazi zetu, korosho zetu: daftari lake kashika nani?